Tundu la laini si modemu: namna ya kuweka intaneti ya laini ndani ya laptopu yako

Mwezi hauishi bila mtu kunifata na laptopu kwapani, anaigeuza ubavuni ananionyesha katundu kembamba, mkuu nimechomeka laini humu mbona haisomi. Namuuliza, ndani kuna modemu? Ananiangalia tu. Hapo najua safari ni ndefu.

Na simcheki, maana na mi niliingia mkenge hivohivo. Nilinunua laptopu ya mtumba hapa Mwanza mjini, nzuri kabisa, betri inakaa, muuzaji akanionyesha tundu akaniambia bosi hii inakula laini moja kwa moja, hotispoti utaisahau. Nikalipa. Nimefika Igoma nikachomeka laini, kimya. Nikazima nikawasha, kimya. Kesho yake nikafungua mfuniko wa chini, mahali pa modemu pako tupu, vumbi na tundu la skrubu ambalo halijawahi kufungwa kitu. Kurudi dukani naambiwa, si ulitaka yenye tundu la laini, tundu si hilo. Na ukifikiria vizuri hakunidanganya, mi ndo sikuuliza.

Iko hivi. Kiwanda kinatengeneza kasha moja kwa laptopu zote za toleo lile, aliyeagiza na modemu anawekewa modemu, asiyeagiza anapewa kasha lilelile na tundu lake likiwa wazi au limezibwa na kaplastiki. Kwahiyo tundu halikwambii kitu. Kinachokwambia ni vitu vitatu vya ndani: kadi ya modemu (ndo inayoongea na mnara), waya za antena, na bayosi, yaani BIOS, programu ya msingi inayoamsha laptopu, iwe inaikubali hiyo kadi. Kikikosekana kimoja huna intaneti hata uchomeke laini ya dhahabu.

Unaihitaji kweli?

Mi kazi yangu ni kuzunguka mialoni, pale ufukweni wanapotua wavuvi, nawaandikia hesabu wafanyabiashara wa dagaa na sangara, leo Kirumba Mwaloni kesho Igombe keshokutwa niko kwenye meli ya kwenda Nansio kisiwani Ukerewe. Nilikuwa natumia hotispoti ya simu kama kila mtu. Shida ya hotispoti unazijua, simu inachemka juani, chaji inaisha saa saba mchana, ukipigiwa kwenye simu nyingi intaneti inazorota ikishuka kwenye 3G au inakata kabisa ikishuka kwenye 2G ili uongee, na ukifunika laptopu dakika tano hotispoti inajizima, unaanza upya. Modemu ya ndani haina hayo. Unafunua laptopu, sekunde chache iko hewani. Afu antena zake zimezungushwa kwenye fremu ya kioo, mara nyingi ni mbili na zimeachana, zinapokea kwa pamoja, kwahiyo mahali ambapo simu iliyoko mfukoni inasuasua laptopu inaweza kushika vizuri zaidi.

Ila kama laptopu yako haitoki nyumbani, au ofisini kuna waifai ya maana, usijisumbue, hotispoti inakutosha kabisa, hela nunulia ramu. Na wenye MacBook msisome zaidi, Apple hadi leo hawajawahi kuuza MacBook yenye modemu ya laini ndani.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo kabla hujatoa hela

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote ni ufundi tu. Ukiwa dukani omba vitu viwili, laptopu iwashwe na upewe namba ya siriali iliyo chini yake.

Ikishawaka, kama ni Windows, nenda seting upande wa Network & internet. Ukiona mstari umeandikwa Cellular, modemu ipo na imesomwa. Usipouona usikate tamaa haraka, huenda draiva, ile programu inayoifanya Windows iitambue kadi, haijawekwa, maana wauzaji wengi wanapiga Windows mpya afu wanaishia kwenye waifai na sauti. Fungua Device Manager, angalia Network adapters, tafuta majina kama Sierra Wireless EM7455, Fibocom L850-GL, Quectel, au kwa HP kitu kinachoanza na lt kama lt4120. Angalia pia kama kuna kifaa chenye alama ya mshangao ya njano kisicho na jina, mara nyingine ndo yenyewe inasubiri draiva.

Siriali namba ndo silaha kubwa zaidi. Ingia kwenye tovuti ya Lenovo au Dell kwenye sehemu ya msaada, andika hiyo namba (Dell wanaiita Service Tag), itakuonyesha mashine ilivyotoka kiwandani, na sehemu ya WWAN (ndo wanavyoiita modemu ya laini) utaona jina la modemu, au None, au wameandika kwamba iko tayari kuwekewa. Hayo maneno ya tayari yana thamani sana, maana yake waya za antena zipo ndani ila kadi haipo. Ukiona None tupu, chukulia waya hazipo mpaka uone kwa macho yako. Kazi hii ni ya dakika tatu kwa simu yako umesimama palepale kaunta, na muuzaji asiyetaka kukupa siriali namba huyo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tahadhari moja: karatasi ya kiwandani inaeleza ilivyotoka, haielezi ilivyo sahivi. Laptopu za mtumba zimepita mikono mingi, kuna zilizochomolewa modemu ikauzwa peke yake. Kwahiyo vyote viwili, siriali na macho.

Hatua ya pili: waya za antena

Watu wengi wanarukaga hapa ndo maana wanalia mwishoni. Kadi unaweza kuagiza ikafika, waya za antena ni habari nyingine, zinapita kwenye bawaba zinapanda hadi juu ya kioo, kuziweka mwenyewe ni kufungua kioo chote na kutafuta kioo cha mtumba chenye waya zake. Fundi anayejua anaweza, ila gharama na hatari ya kupasua kioo zinakuja pamoja.

Fungua mfuniko wa chini. Utakuta kadi ya waifai, ndogo, upana milimita 22 urefu 30, ina waya mbili nyembamba zimebanwa juu yake. Hizo ni za waifai usiziguse. Sasa tafuta sloti nyingine ambayo iko tupu na pana kidogo, kadi ya modemu ina upana milimita 30 urefu 42. Pembeni ya hiyo sloti panatakiwa pawe na waya zingine mbili zisizochomekwa popote, mara nyingi ncha zake zimevishwa kamrija ka plastiki au zimegandishwa na utepe zisigusane na bodi. Kwenye ThinkPad nyingi, laptopu za kazi za Lenovo, waya za waifai ni kijivu na nyeusi, za modemu nyekundu na buluu. Ukiziona hizo, shangilia. Usipoziona, achana na mradi huu kwa laptopu hiyo, ruka hadi mwisho nilipoongelea njia ya pembeni.

Kuna jamaa walishauri uzitoe waya za waifai uzipeleke kwenye modemu. Inawezekana, ila masafa hayafanani, antena ya waifai imekatwa kwa ajili ya 2400 na 5000 MHz, wewe unataka 700 na 800, utapata mnara lakini dhaifu, na waifai umeiua. Mi siwezi kukushauri.

Na jambo lingine, angalia hiyo sloti isiwe imekaliwa. Kwenye mashine kama ThinkPad T480 sloti ya modemu inapokea pia diski ndogo ya SSD, kuna mafundi wameweka diski humo. Ukiitoa bila kujua umetoa na mafaili ya mtu.

Hatua ya tatu: kuchagua kadi

Hapa kuna mitego miwili, bayosi na bendi.

Bayosi kwanza. Lenovo za miaka mingi na HP nyingi zina orodha ya kadi wanazozikubali, ukiweka ya nje ya orodha mashine haiwaki mpaka mwisho. ThinkPad inakuandikia 1802 na maneno ya kwamba kadi ya mtandao haijaruhusiwa, HP inakuandikia 104 kwamba kifaa hakikubaliki. Haijaharibika, toa kadi itawaka kama kawaida. Dawa ni kununua kadi yenye namba ya kipuri ya kampuni ya laptopu yako, Lenovo wanaiita FRU, na iwe imeorodheshwa kwa modeli yako hasa. Kadi ya Sierra iliyotolewa kwenye Dell ni Sierra hiyohiyo ila ThinkPad itaikataa kwasababu utambulisho wake umeandikwa wa Dell. Dell wenyewe hawana ukali huo, ndo maana kama unaanza upya na lengo lako ni hili, Latitude za kazini hazikusumbui sana.

Sasa bendi, na hapa naomba unisikilize maana hata wauzaji wa kadi hawajui. Modemu inaandikwa LTE, yaani 4G, kwa nje lakini LTE sio kitu kimoja, ni masafa mengi na kila moja lina namba yake. 700 MHz ni bendi 28, 800 ni bendi 20, 900 ni bendi 8, 1800 ni bendi 3, 2100 ni bendi 1, 2600 ni bendi 7. Masafa ya chini yanafika mbali na yanapenya kuta, masafa ya juu yanabeba data nyingi lakini hayafiki mbali. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, walinadi 700 mwaka 2018, na kwa sisi wa vijijini na visiwani hayo masafa ya chini ndo uhai.

Sasa angalia hii. EM7455 ni kadi maarufu mno, iko kwenye laptopu nyingi za mtumba zilizotoka Ulaya na Marekani, ina bendi 1, 3, 7 na 20 lakini 28 HAINA. Ndugu yake EM7430 iliyotengenezwa kwa Asia ina 28 lakini 20 haina. Fibocom L850-GL inazo zote mbili pamoja na 1, 3, 7 na 8. Kwahiyo mtu anakaa Ukerewe mnara wa karibu unarusha 700 tu, simu yake ina 4G safi, laptopu yenye EM7455 haioni kitu, anasema laptopu mbovu. Si mbovu, haisikii hiyo lugha. Ukiwa Nyamagana katikati ya jiji hutagundua tofauti maana 1800 imejaa, ukitoka nje ndo utagundua. Ukiweza kuchagua chagua yenye 20 na 28 zote.

La mwisho kwenye hili, EM7455 na L850-GL zote mbili hazina 2G. Mahali ambapo simu inaonyesha E pekee na angalau WhatsApp inapitisha maandishi, laptopu itakaa kimya kabisa. Ni 3G na 4G tu. 5G ilianza nchini 2022 Vodacom wakiwa wa kwanza, lakini kadi za 5G ni ndefu zaidi na zinataka antena zaidi, kwa laptopu za mtumba tunazoziongelea hapa isahau kwanza.

Kuhusu spidi iliyoandikwa, EM7455 inaandikwa 300 na L850 inaandikwa 450, hizo ni megabiti kwa sekunde za kwenye karatasi. Usinunue kadi kwa kuangalia hiyo namba. Nunua kwa bendi.

Hatua ya nne: kufunga

Zima laptopu kabisa, sio kuifunika. Chomoa chaji. Kwenye laptopu yenye betri ya ndani ingia bayosi uizime betri kwanza, ThinkPad iko kwenye Config kisha Power, Disable Built-in Battery, mashine inajizima yenyewe afu unafungua. Shika kitu cha chuma kama dirisha la grili utoe umeme wa mwilini.

Sukuma kadi kwenye sloti ikiwa imeinama kidogo, iingie yote, ilaze, funga skrubu. Pengo la kadi lazima likae sawa na kimeno cha sloti, likikataa usilazimishe, umeigeuza. Sasa waya. Vichwa vyake ni vidogo sana kama kichwa cha kiberiti, unaviweka juu ya kitufe cha kadi sawasawa afu unabonyeza kwa kidole mpaka usikie katk. Usibonyeze ukiwa huna hakika kiko katikati, kikipinda kimekufa, mi niliua kimoja kwa haraka zangu. Waya mkuu uende kwenye alama ya mkuu, kwenye kadi nyingi wameandika M au MAIN, wa pili uende kwenye msaidizi. Ukizigeuza itafanya kazi ila kupandisha mafaili kutakuwa kwa shida kwasababu kadi nyingi zinarusha kwa ule mkuu tu.

Funga mfuniko, chomeka chaji ili betri iamke, washa.

Hatua ya tano: laini

Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA kama laini zingine zote, usitumie laini ya mtu wa barabarani eti ni ya laptopu tu, siku ikizimwa huna pa kwenda. Ukitaka kujua laini ngapi ziko kwa jina lako piga *106# kwenye simu.

Angalia saizi. Laptopu za zamani kama ThinkPad X220 zinataka laini kubwa na tundu liko ndani nyuma ya betri, zilizofata micro, za karibuni nano. Kama yako ni nano na tundu ni kubwa unatumia kafremu ka plastiki, ila tafadhali usiingize kafremu katupu bila laini, vimeno vya ndani vinanasa na ukivuta vinang'oka, hapo umeingia gharama ya kubadilisha soketi. Na kabla ya kuiingiza, iweke kwanza kwenye simu: toa PIN, nunua bando, fungua tovuti yoyote uone inafanya kazi. Ikigoma kwenye simu haitapona kwenye laptopu.

Ukiwa kwenye simu bado, nenda kwenye seting za mtandao wa simu, fungua Access Point Names, nakili neno lililoko kwenye APN (jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako), herufi kwa herufi. Kwa Vodacom na Airtel hapa kwetu ni internet, herufi ndogo, na jina la mtumiaji na nywila unaziacha wazi.

Hatua ya sita: kuunganisha kwenye Windows

Draiva pakua kwenye tovuti ya kampuni ya laptopu kwa ileile siriali namba, usipakue kwenye tovuti za draiva bure, zinakuja na wageni. Ukimaliza washa upya laptopu na laini ikiwa ndani, mashine nyingine haziisomi laini uliyochomeka ikiwa imewaka.

Nenda Network & internet, Cellular. Ukiona jina la mtandao wako na mistari ya mnara, umeshinda. Mara nyingi Windows inajua APN yenyewe. Ikisema imeunganishwa lakini hakuna kurasa zinazofunguka, tatizo ni APN, ongeza mwenyewe: Windows 11 iko ndani ya Mobile operator settings, Windows 10 iko ndani ya Advanced options, bonyeza Add an APN, andika ulichonakili, weka tiki ya kuitumia hiyo, hifadhi.

Ukitaka kuona undani fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika netsh mbn show interfaces, itakupa jina la modemu, IMEI yake, mtandao uliopo na mnara kwa asilimia. Hiyo asilimia ni rafiki yako nitaeleza chini.

Zima Data roaming. Kwa mtu wa Mwanza mjini haina maana sana ila sisi tunaoenda hadi Sirari au Mutukula minara ya jirani inavuka mpaka bila pasipoti, na bando linaondoka nayo.

Hatua ya saba: bando lisife asubuhi

Hapa ndo watu wanaumia. Simu imezoea umaskini, laptopu haijui hata neno bando. Ikiona intaneti inajua iko Ulaya.

Windows yenyewe inaichukulia intaneti ya laini kama ya kupimwa, yaani Metered connection, na hapo inapunguza apdeti nyingi na OneDrive inasimama. Hakikisha haijazimwa. Afu nenda Data usage weka kikomo cha kulingana na bando lako. Lakini programu nyingine hazijali, kivinjari hakijali, video zinajicheza zenyewe, Google Drive inasawazisha mafaili ya mwaka juzi. Mi nilimaliza bando la wiki nikiwa kwenye meli hata Nansio hatujafika, sababu ni picha za risiti zilizokuwa zinapanda kimyakimya. Toka siku hiyo kila programu ya kusawazisha naiwasha kwa mkono nikiwa kwenye waifai.

Na swali linalokuja kila mara, nanunuaje bando wakati laptopu haina pa kupiga menyu ya bando, mfano *149*01# ya Vodacom? Njia rahisi ni kutumia menyu ya kumnunulia mwingine, unabaki na simu yako unaandika namba ya laini ya laptopu, bando linatua kule. Kwahiyo iandike hiyo namba pembeni kabla hujaichomeka, wengi wanaisahau afu wanaanza kuichomoa kila jumapili. Au tumia aplikesheni ya mtandao husika, ukasajili ile namba wakati laini bado iko kwenye simu kwasababu namba ya kuthibitisha inakuja kwa SMS.

Mnara wa Mwanza ni mawe

Wanaosema Jiji la Miamba hawajawahi kutafuta mnara nyuma ya mwamba. Nyumba ikiwa kwenye mteremko wa kilima Bugando au Mabatini, mnara ukiwa upande wa pili, jiwe la granite katikati halipitishi kitu, unapata 4G sebuleni chumbani huna. Kuongeza bando hakusaidii, badilisha unapokaa. Fungua ile amri ya netsh, zunguka na laptopu, rudia amri kila unaposimama, kaa penye asilimia kubwa. Kwenye simu ya Android unaweza kulinganisha, ndani ya About kuna SIM status inakuonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mnara: hasi 80 ni raha, hasi 100 unafanya kazi, hasi 115 unabahatisha. Namba kubwa baada ya hasi ndo mbaya, usichanganye.

Geuza laptopu pia. Antena ziko kwenye kioo, ukikipa kisogo mnara au ukikiegemeza kwenye bati umejiziba. Vibanda vya mabati pale mwaloni ndo adui namba moja, sogea mlangoni tu utaona tofauti.

Ziwani ni kinyume, maji hayana mwamba, mnara ulioko pwani unakufikia mbali kuliko unavodhani. Kati ya Kirumba na Nansio kuna kipande kinachopotea, usipange kutuma kitu cha maana humo katikati. Andika, hifadhi, ukikaribia upande wowote inaondoka yenyewe. Upande wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hamna tena kusubiri kivuko, zamani mi nilikuwa nafanya nusu ya kazi zangu kwenye foleni ile, sasa unavuka kwa dakika chache hata laptopu hujaifunua.

Kwa wa Linux kwa kifupi

Inafanya kazi kupitia ModemManager. Andika mmcli -L uone kama imeonekana, afu nmcli c add type gsm ifname '*' con-name laini apn internet, imeisha. Ikionekana lakini inakataa kuwaka, kadi nyingi zilizotoka kwenye laptopu zina kufuli la FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kuanzia ModemManager 1.18.4 halifunguliwi lenyewe, inabidi uunganishe hati (skripti) ya kadi yako kutoka /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d kwenda /etc/ModemManager/fcc-unlock.d, jina la hati ni namba ya kifaa, EM7455 ni 1199:9079. L850-GL ikiwa imeunganishwa kwa PCIe ni mgogoro, kama unatumia Linux pekee chukua Sierra, ila kumbuka nilichosema kuhusu bendi 28.

Ikigoma

Modemu haionekani kabisa: rudi ndani uangalie kama kadi imekaa, angalia bayosi kama WWAN haijazimwa, kuna laptopu zina sehemu ya kuiwasha. Inaonekana ila haioni laini: toa laini futa kwa kitambaa kikavu rudisha, zima washa. Inaona laini ila hakuna mtandao: Airplane mode, au laini imefungwa, au uko kwenye bendi isiyoijua, sogea mjini ujaribu tena kabla hujamlaumu fundi. Inaunganisha na inakatika kila ukifunika: nenda Device Manager, kwenye modemu, Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kuokoa umeme.

Na yule ambaye waya za antena hana: nunua modemu ya USB, ichomeke, isajili laini, basi. Au chukua simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka lakini mtandao mzima, weka laini humo, unganisha na laptopu kwa waya wa USB badala ya waifai, washa USB tethering. Simu inachajiwa na laptopu, hotispoti haijizimi, na ukiining'iniza dirishani kwa kamba umepata antena. Jirani yangu Igoma anayo hivo mwaka wa pili, laptopu yake ina tundu la laini zuri kuliko langu na ndani hamna kitu, ameliziba na gundi vumbi lisiingie.